Mgonjwa Hakutulia

Siku niliyoambiwa jicho langu la kushoto limekwisha, nilicheka. Daktari alishtuka. Alikuwa binti mdogo, rika la mwanangu Neema, na nadhani walimfundisha cha kumfanyia mgonjwa anayelia, si anayecheka. Alikuwa amenimulika kwa tochi, akaiondoa, akamulika tena. "Mboni haisogei," alisema polepole, kama anajiambia mwenyewe. Kisha akageukia kompyuta kutafuta picha zangu za nyuma, maana damu iliyojaa ndani ya jicho lile haikuingia kwa siku moja. Akatafuta, akakunja uso.

"Hakuna picha hata moja inayosomeka, Mwajuma. Miaka mitatu mfululizo. Sababu imeandikwa hapa: mgonjwa hakutulia."

Hapo ndipo nilipocheka. Kwa sababu mgonjwa huyo asiyetulia ni mimi, na mahali niliposhindwa kutulia ni kliniki ya macho ya wenye kisukari niliyofanyia kazi miaka kumi na minne, kwenye kiti namba mbili, kiti ambacho nilikuwa nakifuta kwa mkono wangu kila asubuhi.

Sasa nimestaafu. Au niseme nimestaafishwa, maana mtu wa jicho moja hatakiwi kuweka dawa kwenye macho ya wenzake. Nawaandikia nyie mliobaki pale, na nyie mnaoingia mwezi huu mkiwa na vitambulisho vipya shingoni. Mimi ni wa darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Majina yamo.

Kabla ya hapo nilikuwa mfanya usafi wa maofisi. Miaka tisa nasukuma mashine ya kufyonza vumbi, mpaka nikaona tangazo kwenye mlango wa duka la vitambaa pale Southall, mtaa wetu wa wahamiaji huku kwa Waingereza: anatakiwa msaidizi wa kliniki, mwenye lugha mbili atafikiriwa zaidi. Mimi nilikuwa na lugha moja na nusu. Kwenye usaili waliniuliza kama naogopa kugusa macho ya watu. Nikawaambia nimelea wadogo zangu sita Kilosa, na makapi ya mpunga nimewatoa machoni kwa ncha ya kanga. Wakaandika kitu. Wiki iliyofuata nikaanza.

Nilikabidhiwa kwa Pushpaben. Huyu alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mfupi, karibu na kustaafu, anaishi Rayners Lane na anatafuna pilipili mbichi kama watu wengine wanavyotafuna karanga. "Ben" kwao ni dada, na kliniki nzima ilimwita hivyo. Aliposoma kitambulisho changu, Kiingereza akakiweka pembeni hapohapo.

"Mwajuma? Wewe mtu ya Tanganyika?"

"Tanzania, dada."

"Haya, Tanzania. Kuja hapa. Chai iko kwa chupa. Kwanza chai, halafu macho."

Baada ya chai alinisimamisha mbele ya kioo cha chooni, akanimulika kwa tochi yake ndogo inayofanana na kalamu. "Ona hiyo nyeusi katikati. Hiyo mboni. Mwanga inagonga, yenyewe inajifunga, tap! Toa mwanga, inafunguka. Hiyo macho iko sawa." Kisha tukaenda kwa mgonjwa wa kwanza wa siku, mzee wa Kipunjabi aliyeishi na kisukari tangu watoto wake wakiwa shule. Akamwomba ruhusa, akammulika. Mboni ilikuwa ndogo kama mbegu ya ufuta. Mwanga ulipoipiga ilijisogeza kidogo, kama mtu aliyelala kwenye kochi anayeitwa akajibu nakuja, nakuja, na haji.

"Umeona?" akaniuliza Pushpaben. "Huyu ukimpa dakika ya haraka, atakupa picha ya giza."

Nawaeleza kwa kifupi, kwa sababu kwenye mafunzo yenu ya siku mbili najua hamkuelezwa. Sukari ikizidi mwilini miaka mingi hutafuna mishipa midogo ya fahamu, ndiyo maana miguu ya wagonjwa wetu hufa ganzi. Mboni nayo ina mishipa yake inayoiambia funga, fungua. Ikishatafunwa, mboni inakuwa ndogo na nzito. Haishtuki sana kwa mwanga, na gizani haipanuki inavyotakiwa. Sasa yale matone tunayoweka kazi yake ni kuipanua, ili kamera ipite kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo na kuona chumba cha ndani. Mboni ya namna hiyo haina haraka na matone yako. Na macho ya kahawia iliyokolea, yaani yetu, ya Wahindi, ya Wasomali, yaani ya kila mtu aliyepanga foleni pale kliniki, huchelewa hata kama hayana kisukari. Ni hayo tu. Nimemaliza kwa aya moja. Bwana Nigel, meneja wenu, amekuwa nayo miaka sita na bado hajaipata.

Pushpaben alikuwa na utaratibu wake, na hakuna kitabu ulimoandikwa. Alinunua vibanio vya nguo, vile vya plastiki, na kila mgonjwa alibanwa kimoja kwenye faili lake. Kabla ya matone unamulika. Mboni ikiruka, kibanio cha kijani: huyu ni wa kawaida. Ikijivuta, chekundu: huyu anahamishiwa viti vya mwisho wa korido, kule taa moja imeungua na tuliiacha hivyo makusudi, anapewa muda, anamulikwa tena, ikibidi anaongezwa tone. Isipofunguka kabisa, kibanio cha bluu: huyu haondoki bila barua ya kwenda kwa daktari mwenye mashine kubwa, inayoona hata penye tundu dogo. Juu ya meza kulikuwa na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, ya kuhesabia dakika. Pushpaben aliigeuza ikatazama ukutani.

"Saa iko ya chapati," alisema. "Wewe angalia mboni."

Mgonjwa aliyenifundisha kazi kweli alikuwa Mama Furaha. Mkongo wa Uvira, anafanya usafi kwenye hoteli, sauti yake unaisikia ukiwa bado kwenye ngazi. Nilimmulika, mboni kimya. Nikambana chekundu, nikampeleka mwisho wa korido. Nusu saa, bado. Tone jingine. Akaanza.

"Dada, muko munafanya nini na macho yangu? Niko nachelewa kazi!"

"Vumilia kidogo, mama. Mlango haujafunguka."

"Basi bisha hodi na nguvu!"

Korido nzima ilicheka, hata wale wazee wa Kipunjabi ambao hawakuelewa neno. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Ilipofunguka tukapiga picha, na nyuma kule tukaona vidoa vya damu na mishipa mipya iliyoota ovyo kama magugu. Alipelekwa hospitali, akachomwa kwa mwanga wa leza, na macho yakabaki. Mwezi mmoja baadaye alipanda ngazi zile na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, lenye samaki mkavu, akanikabidhi mbele ya wagonjwa wote. "Huyu ndiye alibisha hodi," aliwatangazia. Sijawahi kupewa cheti kilichonifurahisha kama bakuli lile.

Pushpaben alipostaafu aliniachia tochi na mfuko wa vibanio. Miezi michache baadaye kliniki ikapewa kampuni nyingine, na kampuni ikamleta Bwana Nigel.

Bwana Nigel alikuwa meneja mwenye viatu visivyotoa sauti. Unageuka, yuko nyuma yako. Siku ya kwanza alisimama mbele ya mafaili yangu.

"Hivi ni nini?"

"Vibanio vya nguo."

"Naona. Vinafanya nini kwenye kliniki?"

"Vinaanika macho," nikamjibu.

Hakucheka. Alivaa glavu, akavikusanya kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa taka za hatari, pamoja na sindano. Vinaleta maambukizi, alisema. Taa ya mwisho wa korido ikabadilishwa siku hiyohiyo. Hiyo nakiri aliishughulikia haraka.

Kisha akaja na jaribio lake la kisayansi. Jumatatu moja alikaa kiti namba mbili, akaniamuru nimwekee matone, saa ya nyanya mkononi. Mtu mzima wa afya, macho ya bluu kama maji ya bwawa la kuogelea, hajawahi kuugua hata kikohozi. Kabla nyanya haijalia mboni zake zilikuwa wazi kama mlango wa duka. "Dakika kumi na tano zinatosha," alitangaza, amekodoa macho kama bundi. Hivyo ndivyo macho ya Southall nzima yalivyopimwa: kwa macho ya Bwana Nigel. Siku ile hakuweza kusoma kompyuta yake mpaka jioni, kwa sababu ya matone. Mimi ndiye niliyemsomea barua pepe zake, kwa Kiingereza changu cha nusu, na moja ilikuwa inamuuliza kama ameshawauliza wafanyakazi wenye uzoefu. Akasema niiruke.

Tangu siku ile nyanya ikilia, mgonjwa anaingia kwenye kamera, mboni imefunguka au haijafunguka. Picha nyingi zilitoka nyeusi. Picha ikiwa nyeusi kompyuta hukuuliza sababu, na hukupa vitufe vitatu. Kimoja ni kamera mbovu. Kimoja ni mboni haikufunguka, na ukikibonyeza mgonjwa anapata barua ya kwenda kwa daktari wa mashine kubwa. Kimoja ni mgonjwa hakutulia, na ukikibonyeza hakitokei kitu, anaambiwa aje mwaka ujao. Barua zikizidi, kampuni inaulizwa maswali. Mgonjwa asipotulia, haulizwi mtu, kwa sababu kosa ni la mgonjwa. Kwa hiyo Bwana Nigel aliagiza kitufe cha mgonjwa hakutulia kiwekwe juu kabisa, kikubwa, cha kijani. Rangi ileile ya kibanio cha watu wazima wa afya. Sijui kama alikusudia.

Msimamizi wetu wa zamu, Lorraine, alikuwa anapita nyuma ya viti akisema, "Bonyeza tu, wapenzi, foleni imefika kwenye ngazi." Darren wa kamera alibonyeza. Na mimi nilibonyeza. Msidhani nawaandikia kutoka mbinguni. Mara ya kwanza nilikwenda ofisini kwa Bwana Nigel.

"Bwana Nigel, huyu bibi alitulia kama picha ya ukutani. Mboni ndiyo haikufunguka."

"Mwajuma, wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi usitoe sababu za kidaktari. Kutulia au kutotulia ni jambo ambalo yeyote anaweza kuliona. Bonyeza unachokijua."

Ni hoja nzuri kwa mtu wa darasa la saba. Nikarudi nikabonyeza. Wiki ya kwanza nilikuwa nawaza usiku kucha. Baada ya mwezi kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe.

Mwaka huohuo nikapatikana na kisukari. Kumbe nilikuwa nacho zamani, kwa jinsi nilivyokuwa nakojoa na kusingizia chai. Neema alinihubiria kuhusu chakula, yote kwa Kiingereza kama kawaida yake, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili, na kila mmoja akaelewa alichotaka. Kliniki nikaandikishwa palepale kazini, kwa urahisi. Wakati wa chakula cha mchana naweka matone mwenyewe, nakaa kiti namba mbili, nyanya inalia, naingia kwa Darren.

"Tayari?"

"Saa imelia."

Klik, klik. Narudi kwenye foleni yangu na macho yanayoona ukungu, nawahudumia watu kwa kupapasa, kwa sababu Lorraine ameshaanza kunitazama.

Kosa langu ni hili, na sitalificha. Mwaka wa pili nilijimulika kwa tochi ya Pushpaben, kwenye kioo kilekile cha chooni. Mboni ikajivuta. Nakuja, nakuja. Niliijua vizuri sana ile tabia. Ningekuwa mgonjwa wangu mwenyewe ningejibana chekundu, ningejipeleka mwisho wa korido, ningegoma kuinuka. Badala yake nikatia tochi mfukoni, nikarudi kazini, maana foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Picha zangu sikuziulizia. Nilidhani kama kuna baya, Darren angeniambia. Tulikuwa tunakunywa chai birika moja. Darren alibonyeza kijani, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mara akanipa biskuti.

Halafu asubuhi moja nikiwa kituoni nangoja basi, nikaona kama mtu amemwaga wino kwenye glasi ya maji, na glasi ni jicho langu. Namba ya basi ikazama humo. Yaliyofuata mmeshayasoma: binti wa hospitali, tochi, kicheko changu. Jicho la kulia walilichoma kwa leza wakaliwahi. Ndilo ninaloandikia.

Nilikwenda kwa Bwana Nigel nikiwa na karatasi ya hospitali. Aliisoma, akafungua kompyuta, akanigeuzia kioo chake kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mtoto alipokosea hesabu.

"Nasikitika sana, Mwajuma. Lakini kumbukumbu ziko wazi. Mara tatu hukutulia."

"Nilitulia."

"Kumbukumbu zinasema vinginevyo."

"Kumbukumbu tunaziandika sisi, Bwana Nigel! Wewe ndiye uliyetuambia tuandike!"

"Sikumbuki kama nilitumia maneno hayo," alisema, na Lorraine, aliyekuwa ameketi pembeni kama shahidi, akatazama kucha zake.

Mwezi mmoja baadaye wakaniaga. Keki ilikuwepo, ya sukari tupu, kwa mgonjwa wa kisukari. Na zawadi kutoka kwa kampuni ilikuwa saa ya ukutani. Naapa siongezi chumvi. Mtu aliyepofuka kwa sababu ya saa, mnampa saa, mnapiga makofi.

Kilichokuwa kinaniuma zaidi ya jicho ni Mama Furaha. Kwa sababu alikuja tena kwenye zamu yangu, mwaka ule wa vitufe. Nyanya ililia, picha ikatoka nyeusi, nikambonyezea kijani. Mgonjwa hakutulia. Sikumtazama usoni, nikaita anayefuata. Tangu siku ile sikumwona tena, na nilipolala na kitambaa kwenye jicho nilikuwa namwona yeye akipapasa ukuta kwenye korido za hoteli.

Nikamkuta kwenye meza ya samaki, Southall, anabishana na muuzaji. Alinitambua yeye kwanza, kutoka mbali kabisa. Ana macho yote mawili.

"Dada Mwajuma! Jicho limefanya nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na lile la kitufe, palepale penye harufu ya samaki, kwa sababu nisingeweza kulibeba mpaka nyumbani. Nilidhani atanipiga na mfuko.

"Mimi siku ile sikutoka," akasema. "Ulinifundisha weye. Mara ya kwanza ulinikalisha saa nzima, na sasa munanitoa na dakika kumi na tano? Nikajua iko uongo. Nikarudi nikakaa kwa kile kiti cha mwisho wa korido. Yule mama wa kucha ndefu akanambia toka, nikamwambia sitoke. Akaita ule bwana wa viatu vya kunyamaza. Nikamwambia naye sitoke, beba kiti pamoja na mimi. Wakachoka, wakanipa barua ya daktari ili niwaache."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa unaita anayefuata."

Kwenye kompyuta yao Mama Furaha ameandikwa hakutulia, na safari hii waliandika kweli. Hakutulia, na anaona. Mimi nilitulia kama mzigo, niliinuka saa ilipolia, nilisema asante kwa Darren, na jicho langu liko wapi?

Haya, Bwana Nigel. Najua haya yatakufikia, mmoja wa hawa vijana atakupelekea. Fungua hiyo kompyuta yako inayosema kweli. Zile siku tatu ninazodaiwa kuwa sikutulia, tazama mstari unaofuata. Utakuta kuwa dakika moja baada ya picha yangu, msaidizi aliyeandikwa kuweka matone kwa mgonjwa anayefuata ni Mwajuma. Siku zote tatu. Kwa hiyo mwanamke aliyeshindwa kutulia mbele ya kamera, dakika moja baadaye mkono wake ulikuwa umetulia kiasi cha kudondosha tone kwenye jicho la mtu, na hakuna aliyelalamika. Kipi ni cha uongo kati ya hivyo viwili?

Mimi yangu nimeyajibu. Niliowabonyezea ninaowakumbuka nimewaandika majina, na karatasi nimeipeleka hospitali kwa yule binti wa tochi, jina langu likiwa juu kama mkosaji, na wameanza kuwaita mmoja mmoja. Darren amekuja kwangu, akalia, akaongeza majina yake. Lorraine bado anatazama kucha. Aliyebaki ni wewe. Kitufe kile hakikujiweka juu chenyewe, wala hakikujipaka kijani. Nataka useme kwa mdomo wako, mbele ya watu wa foleni ile, nani aliagiza kiwekwe pale, na kwa nini. Kaa kiti namba mbili. Sitakuwekea saa. Nitangoja mpaka ujibu, na safari hii, nakuahidi, sitainuka.